Chai Iliyokuja na Gari la Dawa

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa 2023, gari la dawa lilifika kwa zahanati yetu upande wa Rangwe bila dawa. Hiyo ndiyo siku mambo yaliharibika. Watu husema ni siku ya mazishi ya Agosti, lakini mimi nilikuwa kwa laini, nilijionea.

Ilikuwa kliniki ya watu wa sukari. Mke wangu Leonida alishika kadi yake. Gari ni lile lile, dereva yule yule, makoti meupe yale yale. Wakashusha mitungi ya kioo. Ndani kuna chai nyekundu, na juu inaelea kitu kama chapati iliyolala kwa maji.

Madam mmoja wa ofisi akasema inaitwa kombucha. Unaweka chapati hiyo kwa chai yenye sukari, unafunika na kitambaa, unangoja siku kumi ichachuke. Akasema inaweza kusaidia tumbo, na kuna watu imewapunguzia sukari kidogo. Alitaka kuanzisha vikundi vya akina mama. Kwa vile hakubeba daftari, akachukua kadi ya kliniki ya kila mtu, akaandika ndani "kombucha", akapiga muhuri.

Sasa niambie. Mtu amezoea miaka sita kwamba kilichoandikwa kwa kadi hiyo ndicho dawa yake. Angejuaje?

"Wuon Emma," Leonida aliniambia tukirudi nyumbani, maana Emmaculate ndiye mtoto wetu wa kwanza, "serikali imegundua pombe mpya, busaa ya chai." Akacheka mpaka akakaa chini kando ya barabara.

Alikunywa gilasi asubuhi, gilasi jioni. Sitadanganya: kiungulia kilimwacha, akalala vizuri. Walipompima, sukari ilikuwa imetoka kumi na sita ikafika kumi na moja. Lakini pia alikuwa ameacha soda, na ile chai ya vijiko vitatu. Ni gani ilimsaidia? Mimi niliacha shule darasa la nne, siwezi kujua. Wenye kusoma ndio hawakuja kuangalia.

Tembe zake za sukari zikaisha Aprili. Nikamwambia twende Oyugis tununue.

"Ninunue nini na serikali imenipa? Soma kadi."

Agosti nilimzika, mguu umeoza mpaka goti.

Mtungi sikuutupa. Niliendelea kuupa chai na sukari kila wiki mbili, kama mtu anayelisha kuku wa mwenyewe. Ilikuwa kazi yake, nikaona isikufe na yeye.

Jumapili iliyopita Emmaculate alikuja kutoka Uriri alikoolewa. Tumbo la miezi sita, midomo imekauka. Hata hakukaa.

"Baba, naomba min chai." Hivyo ndivyo akina mama waliita ile chapati, mama wa chai.

"Ya nini?"

"Wamenipata na sukari. Wanasema mtoto anaweza kufia ndani. Sindano hakuna, wameniambia nirudi mwezi ujao."

"Hutakunywa hiyo."

"Ilimsaidia mama!"

"Ilimsaidia tumbo, Emma."

"Basi nipe kitu kingine, Baba. Uko nacho?"

Sikuwa nacho. Kwa hiyo jana nikachukua kadi ya marehemu, tukaenda mpaka Homa Bay mjini. Yule madam amepanda cheo, sasa anakaa kwa ofisi ya zulia. Tulingoja tangu saa mbili mpaka saa saba. Emmaculate alienda choo mara tano, na kila mara bawabu anamwambia, "Wewe tena?"

Tulipoingia nikaweka kadi mezani.

"Mzee, pole sana," madam akasema. "Lakini sikusema ni dawa."

"Uliandika mahali dawa inaandikwa."

"Karatasi zilikuwa zimeisha."

"Kwenu kila kitu huisha. Si karatasi tu."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Alimgeukia binti yangu, akaongea polepole, na naamini alisema kweli. "Dada, na hiyo mimba usiinywe kabisa. Haijachemshwa, inaweza kukuletea ugonjwa. Na hata kama inasaidia sukari kidogo, utafiti bado ni mdogo. Haiwezi kukaa mahali pa sindano. Wewe unahitaji sindano, na ni ya haraka."

"Asante, madam," Emmaculate akasema. "Iko wapi?"

"Tumeandika barua."

"Barua ya lini?"

Madam akashika simu yake, akaitazama, akaiweka chini. Haikuwa imelia.

Usiku huo binti yangu alilala kwangu. Asubuhi hii tumempima kwa mashine ya jirani: kumi na saba. Chai nimemnyima, na yule madam anasema ndiyo sawa. Sasa amekaa hapa mlangoni, mkono juu ya tumbo, ananingoja nimwambie. Anywe nini?