Mji Ambao Mwaura Hakuutoa

Haya, sogea nikutegee. Nina mbwa nimemfuga mwenyewe kwa mkono wangu, na hamng'ati mgeni kabla hajaning'ata mimi. Ni nani huyo? Fikiri kidogo. Ukishindwa usione haya. Wenye adabu wakishindwa hutoa mji, Nakuru au Mombasa, mtegaji akautawala mara moja kisha akawapa jibu, na hakuna aliyewahi kufa kwa kutoa mji. Lakini palikuwa na mtoto mmoja ambaye hakuutoa hata siku moja.

Jina lake Mwaura. Aliyekuwa akimtegea, jioni wakingoja githeri iive, alikuwa Jerusha, dada ya baba yake. Tata, ndivyo kwao wanavyomwita shangazi. Mwaura akishindwa hupiga teke kigoda. Siku mbaya hupiga teke sufuria yenyewe, na watu wakalala njaa. Jerusha alikuwa msichana mpenda utulivu, akaona bora awe anamnong'oneza jibu sikioni kabla wenzake hawajaling'amua. "Umeshinda, baba," humwambia, akimpangusa kamasi. Nyumba ikatulia. Jerusha akajiona ana akili.

Sasa Mwaura ana miaka arobaini na mbili, ana kitambi na walinzi, na anatafuta tiketi ya chama awanie ubunge. Jerusha naye ana miaka kumi na saba Doha, akipika na kulea watoto wa watu katika nyumba moja ya Al Rayyan. Utauliza, mgombea wa kwetu anatafuta nini Uarabuni, mahali ambapo kura ya mchujo haipigwi? Anatafuta simu. Mtu wa Doha akipiga simu nyumbani akasema tumpe fulani, mama anasikia, mjomba anasikia, na anayesomeshwa kwa mshahara wa Doha ndiye husikia zaidi.

Basi Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, watu wa kwao kama thelathini walikutana ghorofani kwenye mkahawa wa Mkerala, Mhindi wa kusini, si mbali na kwa Jerusha. Walisema ni chai ya wanakijiji, maana ukiwa ugenini mkutano wa siasa hauutaji kwa jina lake. Katikati ya meza, kati ya sambusa na birika la karak, chai ya maziwa ya huko, ililala simu ya Jerusha.

Hiyo simu ina kisa chake. Watu wengi wa kwao ni maaskari wa majengo na madereva, na Ijumaa si wote wanaopata nafasi. Basi kila wakikutana, simu ya Jerusha huunganishwa na walio kazini, nao husikiliza huko huko langoni wakiwa na kijiwaya sikioni. Na haikatwi mpaka sala ya kufunga isemwe. Mwaka juzi ilikatwa kabla ya amina, na wiki hiyo hiyo Athanas, mmoja wa wasikilizaji hao, akaanguka kutoka ngazini kule West Bay akavunjika nyonga. Tangu hapo hakuna anayethubutu. Wanaiita simu ya walio zamu.

Mwaura hakujua hayo. Aliiona simu mezani akadhani ni simu.

Alianza vizuri. Alitania, aliwapigia makofi wauguzi, akamwita Jerusha mbele za watu, "Huyu ndiye aliyenifundisha kufikiri." Watu wakacheka kwa upole. Kisha akafika kwa Kawira.

Kawira ndiye mpinzani wake katika mchujo, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa watoto wawili aliowalea peke yake. Alipooza mguu utotoni na hutembea akiuburuta. Mwaura akatoka nyuma ya meza akaanza kuchechemea kutoka dirishani hadi mlangoni, midomo ameifumba kama mtu anayebanwa na haja. "Mheshimiwa mtarajiwa huyooo," akasema. "Akifika bungeni kikao kimefungwa." Wengine wakacheka. "Mume mwenyewe alimkimbia, na yule angeweza kumkimbia hata kwa kutambaa." Wakacheka, ila sasa walikuwa wachache. "Mwanamke aliyeshindwa kumfunga mwanamume mmoja nyumbani, mnataka afunge mkataba wa barabara?"

Jerusha alikuwa anatazama mshipa wa shingo ya Mwaura. Aliujua tangu ukiwa mwembamba kama uzi.

Ndipo sauti ikatoka kwenye simu mezani. Sauti ya msichana, na nyuma yake mlio wa lango la magari likifunguka.

"Mheshimiwa, kura zikihesabiwa, mama Kawira akakushinda, utakubali?"

Mkerala aliyekuwa akileta sahani alisimama kwenye ngazi.

Jerusha aliijua ile sauti kabla haijamaliza neno la kwanza. Angeijua hata chini ya maji. Ilikuwa ya Shiru, binti yake wa pekee, aliyekulia ng'ambo ya mto mbali na Mwaura, sasa askari wa jengo moja kule Lusail.

"Nani huyo?" Mwaura akauliza.

Wote walikuwa wanamjua Shiru, na wote walitazama sambusa.

"Nauliza, nani huyo?"

Kikombe chake kikaruka, kikapasuka ukutani juu ya kichwa cha mwenyekiti, karak ikatiririka kwenye rangi nyeupe. Akaanza kuwatukana, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zao. Fulani mwana wa mlevi, fulani mwana wa mwizi wa mbuzi. Alikumbuka yote. Mchungaji aliyekuwa amesimama afunge kwa sala akakaa chini tena. Jerusha akanyoosha mkono polepole, akaichukua simu, akaitia mkobani.

Ghafla Mwaura akatulia. Akafuta vidole kwa tishu, kimoja baada ya kingine, akatabasamu. Na hapo ndipo Jerusha alipoingiwa na baridi.

Maana habari ya mwalimu Paul ilikuwa imeshafika Doha. Mwezi uliopita, sokoni, Paul alimwuliza Mwaura kwa nini zahanati haina dawa. Mwaura alifoka, kisha akatulia hivi hivi, akamwuliza jina, akamwuliza anaishi wapi, akamshukuru. Siku ya tatu Paul alingojwa njiani akitoka shule. Sasa anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinapanda kama siafu.

Na Shiru alikuwa na tiketi ya ndege. Jumanne, likizo ya miezi miwili nyumbani, baada ya miaka mitatu. Sanduku lilikuwa limeshafungwa kwa kamba.

"Wazee wangu, nendeni salama," Mwaura akasema. "Mimi nina neno na tata yangu."

Watu wakatoka upesi, viatu vikigongana mlangoni. Milcah, muuguzi rafiki yake Jerusha, alimshika bega akipita. "Nikungoje chini?"

"Nenda, mama. Ni mtoto wangu huyu."

Hata Milcah mwenyewe hakuonekana kuyaamini maneno hayo. Akashuka. Githinji, mlinzi wa Mwaura, akasimama nje na kuuvuta mlango, akauacha wazi upana wa kiganja.

Mwaura akavuta kiti, akakaa magoti yakigusana na ya shangazi yake. Akamimina karak iliyopoa, akampa.

"Umekonda, tata."

"Ni joto."

"Na nyumbani ulisahau. Baba anakuulizia kila siku."

"Msalimie."

"Sauti ile ni ya nani?"

Jerusha akanywa. Chai ilikuwa na utando juu. "Kwenye simu sauti zote zinafanana, Mwaura."

"Hazifanani. Ni msichana wa kwetu, hiyo lafudhi ni ya ng'ambo ya mto. Tena yuko langoni. Wasichana wa kwetu walio langoni Doha hawafiki kumi." Akatabasamu. "Nimtumie tu shukrani. Anapenda demokrasia."

"Kama ulivyomshukuru Paul."

Mshipa ukacheza, ukalala. "Paul alianguka na pikipiki."

"Paul hana pikipiki."

"Basi alianguka na ya mtu." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe hiyo simu nione majina. Usinifanye nimwite Githinji akushike mkoba mbele ya watu wa mkahawa. Wewe ni mama yangu."

Jerusha akaingiza mkono mkobani, na vidole vyake vikaigusa. Simu ilikuwa ya moto, moto kama andazi lililotoka karaini sasa hivi. Akili yake ikachukua muda kuelewa. Mchungaji hakusali. Hakuna aliyesema amina. Na yeye, kwa mazoea ya miaka miwili, aliitia simu mkobani bila kuikata. Watu ishirini na watatu, malangoni, garini, kwenye vibanda vya ulinzi, bado walikuwa wamo mkobani mwake. Shiru alikuwemo.

Angeweza kuibonya ikafa. Kidole gumba kilikuwa pale pale. Angeibonya, maneno ya Mwaura yangebaki siri ya chumba hiki, naye angebaki na mpwa, na labda, labda, angemwombea Shiru msamaha kwa machozi, kama mwanamke anavyoomba kwao, na Mwaura angemwambia amesamehe. Alimwambia hivyo hata mama yake Paul, kabla ya ile siku ya tatu.

Akatoa kitambaa, akajifuta jasho. Mkoba akauweka mezani, mdomo wazi, karibu na sahani ya Mwaura.

"Unakumbuka kile kitendawili cha mbwa?" akauliza.

"Tata, sina muda."

"Mbwa asiyemng'ata mgeni kabla hajamng'ata aliyemfuga. Ulikuwa na miaka tisa. Hicho pekee sikukunong'oneza, nikasema ngoja nione. Ukapiga teke sufuria, uji wa moto ukamwagikia mguu wako mwenyewe. Kovu lipo?"

Mwaura akatazama kiatu chake bila kupenda.

"Jibu lake ni hasira," Jerusha akasema. "Vile vingine vyote nilikupa majibu bure. Kosa langu hilo. Nilidhani naokoa sufuria."

"Nipe simu."

"Nitakupa. Na jina nitakutajia kwa kinywa changu, hutahitaji kumtafuta. Lakini mtu hapewi jibu kabla hajategua au kutoa mji. Yule mtoto alikuuliza kitu, wewe ukavunja kikombe. Nijibu mimi. Tuko wawili tu, na mimi ndiye niliyekupangusa kamasi." Sauti yake ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Kura zikihesabiwa, Kawira akakushinda, utakubali?"

Chini barabarani gari lilipiga honi, likanyamaza. Githinji alikohoa nyuma ya mlango. Mwaura akautazama mlango, akamtazama shangazi yake, na uso wake ukalegea, ukawa karibu mzuri, kama zamani alipokuwa akingoja kunong'onezwa. Akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio la Jerusha, juu ya mkoba ule ule, akasema kwa sauti ya chini, polepole, bila hasira hata chembe:

"Hapatakuwa na cha kukubali, tata. Kawira hataiona hiyo siku ya kura."