Kifungu cha Kumi na Saba

...dakika tatu, eti dakika tatu, miaka ishirini na sita nimemaliza masikio kwenye mitambo ya dizeli halafu napewa dakika tatu za kutoa maoni na kikaratasi cha namba kumi na nne, sasa wako namba tisa, bwana mmoja wa suti anayerudia kwamba jua ni bure, jua ni bure, kwani nani alibisha, jua nalijua mimi, limenichoma mgongo tangu sijaota ndevu, ninachotaka kujua ni hawa wenzangu arobaini waliokaa nyuma yangu na ovaroli walizofua jana zikakataa kutakata, kituo chetu cha umeme kikizimwa wao wanakwenda wapi, hilo hasemi, anakunywa maji, anashukuru, anapigiwa makofi, na yule pale mezani katikati ya waheshimiwa, mwenye miwani na rundo la karatasi, mtaalamu wa wizara aliyeuandika muswada huu wa nishati ya jua kifungu kwa kifungu, ni binti yangu wa kumzaa, hajanitazama tangu aketi, nami sijamtazama, au nimemtazama lakini kwa kuibia, na kiti hiki nimekichagua makusudi, sikio la kushoto, lile lililokufa, ndilo nimemwelekezea yeye, akisema yanifikie nusu, nusu yenyewe inanitosha.

Sasa mwenyekiti wa kikao anamwomba ajibu, anasimama, sauti ileile ya mama yake, "...hakuna atakayeachwa... watahamishiwa kwenye vituo vya jua na kupewa mafunzo... kwa mujibu wa kifungu cha kumi na saba, wafanyakazi wote wenye cheti cha ufundi..." na hapohapo katibu wetu wa chama cha wafanyakazi ananisogelea upande wa sikio zima, "Umesikia, Mzee Sikio? Wenye cheti. Tumekwisha," nimesikia bwana, usinipulizie, nimesikia, wenye cheti, katika arobaini wenye cheti ni watatu na mmoja wao anastaafu mwezi ujao, sisi wengine tulifundishwa kwa makofi ya mgongo na kuunguzwa vidole, hakuna aliyetuuliza cheti tulipokuwa tunaiwashia hospitali taa watu wakiwa juu ya meza ya upasuaji, na hili jina la Mzee Sikio hawakunipa kwa sababu ya cheti, walinipa kwa sababu ya bisibisi, ncha unaigusisha kwenye mtambo, mpini unauweka sikioni, mtambo unakwambia mwenyewe unapoumwa, na anayejua hayo kuliko mtu yeyote ukumbini humu ni huyu aliyesimama na miwani yake, ndiyo maana damu inanichemka, angekuwa mgeni ningesema hajui, lakini huyu anajua, alikuwa na miaka tisa, kila Jumamosi ananiletea chakula kituoni, nampandisha juu ya kreti, nampa bisibisi iliyomzidi mkono, siku moja akafumba macho kama mtu mzima akaniambia, "Baba, huyu wa tatu anakohoa," nikauzima mtambo wa tatu, meneja akaja anafoka, tukaufungua, beringi imepasuka vipande viwili, mtoto wa miaka tisa, leo anaandika wenye cheti, kula yake, ada yake, hiyo miwani ya kwanza, vyote vilitoka kwenye hili sikio, halafu anatufungia mlango kwa kalamu, mbele za watu, bila hata kunipigia simu...

Alinipigia.

Ngoja. Alipiga, Jumapili ile, miezi mitatu nyuma, nilikuwa nakata kucha uani, "Baba, cheti chako ni cha daraja gani?" nami bila kupepesa jicho, "La pili," akauliza, "Na wenzako?" nikasema, "Wote wanavyo mwanangu, kwetu hakuna wababaishaji," akacheka, akasema basi vizuri, kuna mahali nimewapigania mwingizwe, mabosi hawakutaka, na mimi sikuuliza mahali gani, nikarudi kwenye kucha zangu, maana uongo ule ulikuwa na umri wake, ulizaliwa siku ya mtambo wa tatu, tunarudi nyumbani amenishika kidole, "Baba, wewe ni injinia? Una cheti?" ningemjibu nini, nikamwambia kipo, kiko kwenye kabati la meneja, na siku aliyohitimu nikamwambia sasa tuko wawili, mama yake akanifinya paja tu chini ya meza, angesema, mbona mambo mengine huyasema, hapana, usimtafute mama wa watu, ni wewe, zee zima, umewatia wenzako arobaini kwenye shimo ili mtoto akuone mkubwa, na mlango huu hakuufunga yeye, alidhani anautoboa ukuta tupite.

Mkononi nina hotuba aliyoniandikia katibu, "tunaipinga sheria hii inayoletwa na vijana wasiojua kazi," vijana wasiojua kazi, ningeisoma hii, mbele yake, ningeisoma kwa sauti, naikunja mara mbili, mara nne, naiweka chini ya paja, bado nina hasira, tena nyingi, nina hasira na hao mabosi waliomlazimisha kupigana, na bwana wa suti, na meneja wa enzi zile aliyenitumia miaka yote bila kunipeleka hata kozi ya wiki moja, lakini hasira kubwa imekaa na mimi kiti kimoja, "Namba kumi," anaita mwenyekiti, na feni ya dari juu ya meza kuu inalia, kri, kri, tangu asubuhi naisikia, beringi imekauka, wiki mbili haimalizi, waheshimiwa wote wanaandika, hakuna anayesikia, ila binti yangu ameacha kuandika, ameinua uso, anaitazama ile feni, amefumba macho kidogo, kisha amegeuka moja kwa moja kunitafuta mimi kwenye viti, ameniona, na kidole chake kinaelekeza juu, Baba, unamsikia huyu, nami naitikia kwa kichwa, namsikia, mwanangu, nakigeuza kiti taratibu hadi sikio zima linaelekea kwake, katibu ananiuliza vipi, wako namba kumi, mimi ni kumi na nne, na nikisimama nitasema sina cheti, sijawahi kuwa nacho, na aliyeandika kifungu hiki nilimdanganya mimi.