Mhojiwa Asiye Ndugu

Salme alimwona mama yake kabla wenzake hawajamwona, na aibu ikamshika pale pale. Mama huyo, Mwanalima, alikuwa ameketi kiti cha mwisho ukumbini, buibui lina madoa ya chumvi ya safari kutoka kisiwa chao cha Chula, bakuli la samaki wa kukaanga limefunikwa mapajani. Msichana mmoja wa mbele aligeuka, akaziba pua kwa mtandio.

Chuo kile cha Kismayo kilikuwa na masharti yake katika kozi ya utafiti. Siku ya kutetea kazi, kila mwanafunzi amlete mhojiwa wake mmoja, ijulikane kwamba mahojiano hayakupikwa. Na mhojiwa asiwe ndugu. Akigundulika ni ndugu, kazi imeanguka. Sharti zuri hilo, kwa watu wa mji mkubwa. Chula utamhoji nani usiyechangia naye babu? Salme aliuliza habari za kukausha samaki, na kila mlango aliobisha ulikuwa wa shangazi, wa mama mdogo, wa binamu. Aliyekubali kuvuka maji kwa ajili yake alikuwa mmoja tu. Bila kozi hii hakuna cheti, na bila cheti hatasomesha skuli ya kwao.

Aliyemtangulia alikuwa mpwa wa Mwalimu Abdulqadir, mwenyekiti wa jopo. Mhojiwa wake, mfanyabiashara mnene, alikuwa na pua ile ile ya mwenyekiti. Wawili hao wakaamkiana, wakaulizana hali ya bibi mzaa mama, na kijana akapata alama ya juu kuliko wote. Hakuna aliyekohoa.

Zamu ya Salme ilipofika, Abdulqadir alimtazama mama, akamtazama binti.

"Huyu ni nani wako?"

Salme aliinamisha macho. "Si mtu wangu. Ni mhojiwa tu."

Alisema kwa Kisomali, lakini Mwanalima Kisomali anakijua vizuri. Uso wake haukubadilika. Alivuta tu kitambaa cha bakuli kikae sawa. Salme alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwenyekiti akamgeukia mama, akamuuliza kama anamjua binti huyu. Mwanalima alielewa kwamba mwanawe yumo taabuni, ingawa taabu yenyewe hakuijua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akaushika uongo ule akausukuma mbele.

"Mchu huyu simyui," alisema kwa lahaja ya kwao, kwamba mtu huyu hamjui. "Sijapata kumuona."

Jopo zima likacheka. Abdulqadir akamwambia anaweza kwenda zake, ila bakuli aliache, maana wakubwa hawajala. Mwanalima akaliweka mezani kwa mikono miwili, akatoka.

"Sasa," alisema mwenyekiti akifunua kitambaa, "hayo mahojiano ulimhoji nani?"

Salme alifungua mdomo. Jina la kumtetea lilikuwa moja, na hilo hilo ndilo la kumwangusha. Akaufunga. Abdulqadir aliandika sifuri, akapangusa kalamu, akachukua kipande cha samaki.

Nje jua lilikuwa kali. Mwanalima alimfuata binti yake kwa mbali, upande wa pili wa barabara, asije mtu akawaona pamoja. Walipofika kona ya sokoni alisogea kidogo, akauliza chini chini bila kumtazama:

"Umepita, bibie?"