Bisibisi ya Rodelio

Miaka kumi na minane Rodelio amekuwa akizamia baharini na wageni pale pwani ya Anilao, na kila asubuhi huwaonya: "Kifaa chako cha kupumulia kikivuja, mpelekee fundi. Usijitie ujuaji!"

Chake kilipoanza kuvuja, alijifungia chooni na bisibisi. Fundi wa pale ni Ligaya, binti ambaye Rodelio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Ampelekee yule? Thubutu!

Kesho yake, mita kumi na tano chini ya maji, kifaa kikafoka hewa kama soda iliyotikiswa. Akapanda juu akipumulia mpira wa hewa wa akiba wa mgeni wake, bibi wa miaka sabini, aliyemshika mkono kama mtoto.

Ligaya, aliyekuwa akiwasubiri mashuani, alikifungua palepale. Kimpira cha ndani kilikuwa kimekatika.

"Kaka, nani kakichokonoa hiki?"

"Atakuwa mgeni tu. Si unawajua?"

Yule bibi akageuka, akatazama baharini.

"Basi huyo mgeni mwambie," Ligaya alisema taratibu, "kabla hajazungusha skrubu abonyeze kitufe cha mbele, kimpira kisikatike. Ulinifundisha wewe, kaka. Siku ya kwanza kabisa."

Rodelio akainamia miguu yake.

"Nitamwambia," akasema.