Nukta Isiyo na Jina

Ndege hazitui hapa bila mimi. Miaka ishirini nimo kwenye mnara wa kuongozea ndege. Sawa, nimo na dekio, na siku nilipougua jino zilitua zote salama, hata hakuna aliyeniulizia.

Ila macho ninayo. Huko juu kuna kioo cha rada ya uwanjani, kinachoonyesha vinavyotembea chini: ndege, magari, mpaka trekta la mkata nyasi. Kila gari lina kidude kinacholiandikia jina pale kiooni.

Jumanne asubuhi kipande cha chuma kilipasua tairi la ndege kwenye njia ya kurukia. Mkuu wa uwanja akamwita ofisini mkata nyasi, mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu. Akamwita na mkaguzi, anayepaswa kupita njia nzima kila alfajiri akiokota vitu kama hivyo. Huyo, kwa bahati yangu, ndiye mume wa binti yangu.

Niliingia na birika la chai, nikamimina polepole.

"Saa kumi na mbili nilikagua yote, pasafi," mkwe alisema. "Baada yangu limevuka trekta tu. Chuma ni chake."

"Basi mzee, kazi huna," mkuu alimwambia mkata nyasi.

"Ngoja, bosi," akasema mwongoza ndege wa zamu. "Gari la mkaguzi halikuonekana kwenye rada."

"Kidude kiliharibika," mkwe alijibu. "Bila kidude rada hainioni."

"Kidude kinaleta jina tu. Gari lenyewe rada inaliona. Kuna nukta isiyo na jina, ilisimama nyuma ya ghala saa nzima. Kwenye njia saa hiyo hapakuwa na gari."

"Hiyo si mimi. Muulizeni mama. Alikuwa anadeki ngazi za chini, nikampungia mkono nikienda kukagua."

Mkata nyasi aliniangalia. Goti likinisumbua, ndiye hunibebea ndoo. "Dada, sema ulichoona."

Nikamfikiria binti yangu, amefungiwa nyumba moja na mwanamume huyu akiwa hana kazi, na mdomo wake ule.

"Nilimwona," nikasema. "Alinipungia, nami nikampungia dekio."

Mwongoza ndege akaweka kikombe chini.

"Bibi, saa kumi na mbili ulikuwa juu, unanipangusia kioo. Nukta ile ulinionyesha wewe, kwa kidole. Ukasema, 'Huyu naye amelala kama mkwe wangu.'"