Upande wa Ukutani

Fundi cherehani alianguka juu ya suruali ya mteja, pini zikiwa bado mdomoni. Bahati yake hakumeza hata moja. Alipozinduka hospitalini akaambiwa moyo wake umetanuka, na mwenye kosa ni mdudu aliyemfyonza damu utotoni, kwenye nyumba yao ya udongo, akamwachia vimelea. Mwingine angeangua kilio. Yeye akaomba aonyeshwe huyo mdudu.

Daktari akamletea chupa.

"Ala! Kumbe ni huyu? Sisi tulimwita bwana harusi, maana alikuja usiku na alipenda mashavu tu. Lakini daktari, mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja. Mbona yeye anapandisha ndoo za rangi hadi ghorofa ya nne, na mimi ngazi mbili tu nahema?"

"Hicho ndicho tunachokichunguza," daktari akasema. "Wengi wenye vimelea hivi, mioyo yao haiguswi. Tunadhani urithi wa damu una mkono wake, ila hatujajua vizuri. Mlete tumpime. Na kama anavyo, atibiwe mapema, kabla moyo haujaanza kudhurika."

Kumleta sasa! Mdogo wake yule, mpaka rangi, mtu mzima na ndevu zake, alipiga chenga wiki tatu nzima. Leo ukuta haujakauka, kesho ngazi imevunjika. Dada yake akadhani ni woga wa sindano. Akamcheka, akamtishia, mwisho akamfuata kazini na kumkokota na ovaroli yake yenye madoa. Moyo mgonjwa, lakini kwa ubishi nani amweze?

Damu ikachukuliwa. Wiki iliyofuata, wakiwa kwenye benchi wanasubiri majibu, mdogo mtu akainamisha kichwa.

"Dada, unakumbuka tulivyokuwa tukivuta vijiti, mwenye kifupi analala upande wa ukutani?"

"Nisikumbuke vipi? Sikupata kirefu hata siku moja."

"Hakikuwepo. Vyote viwili nilivivunja vifupi. Ukishavuta chako, changu nakitupa." Akaendelea: "Wale wadudu walitoka kwenye nyufa za ukuta, dada. Ugonjwa huu nimekupa mimi."

Hasira ilimpanda dada, tusidanganyane. Miaka yote ile akijiona ana mkosi! Aliinua mkono amzabe kofi, na hapo hapo wakaitwa ndani.

"Pole, bwana," daktari akasema. "Vimelea unavyo. Moyo wako, hadi sasa, ni mzima."

"Ninavyo? Yaani na mimi waliniuma, kule kule mbali na ukuta?"

"Kitanda kimoja hicho! Unadhani mdudu anashindwa kutembea? Wote wawili mnavyo. Kwa nini moyo uliougua ni wa dada yako, ukuta peke yake hautoshi kutuambia."

Mpaka rangi akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, mabega yakitikisika, huku akisema asante, asante. Daktari akabaki kumkodolea macho. Tangu aanze kazi hajaona mtu akishukuru kwa majibu kama yale.

"Hebu nyamaza, mjinga wewe," dada akasema, naye machozi yanamtiririka. Akamshika mdogo wake bega, akamgeukia daktari.

"Dawa anaanza lini?"

"Hata leo."

"Basi aanze hapa hapa, nikimwona kwa macho yangu. Huyu haaminiki."