Chumvi Kwenye Gesi ya Usingizi

Mke wangu alishavaa gauni la upasuaji na kofia yake, akashika vyuma vya kitanda kwa mikono miwili na kusema haendi.

"Si ulisema mwenyewe? Gesi ya usingizi inaamsha seli za saratani, zinatoka mbio kama zimefukuzwa na nyuki!"

Kweli nilisema. Jana, saa ya kuona wagonjwa, nilitaka kuchangamsha wodi. Gazetini nilisoma kwamba wanasayansi wanachunguza kama gesi hiyo inazigusa seli zile. Nikatia chumvi, maana ndiyo sababu ya kuitwa Chumvi: zinaivuta, zinavimba kifua, zinafunga virago na kuhamia kwenye ini. Wodi nzima ikacheka. Yeye hakucheka, nami sikumtazama. Kwa kawaida huamini robo tu ya habari zangu. Hii, kwa kuwa ilihusu titi lake, aliimeza nzima.

"Mama watoto, ulikuwa utani."

"Na hili unalosema sasa, si utani pia?"

Muuguzi akachungulia. "Mama, chumba kinatungoja. Usipoingia wewe anaingia mwingine, na nafasi yako sijui itarudi lini."

Akaitwa daktari wa usingizi, mwanamke mfupi asiyepaza sauti.

"Kwenye vyombo vya maabara," alimwambia, "seli nyingine zilizowekewa gesi zilisogea zaidi, nyingine zikazubaa. Kwa binadamu haijathibitika kwamba gesi inarudisha saratani. Ukitaka, nitakulaza kwa dawa ya mshipani. Lakini uvimbe huu tukiuacha, utakua."

Mke wangu akanigeukia. "Wewe Chumvi, ya mshipani itanikinga?"

Nikitaka kudanganya, sikio la kushoto huniwasha, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Sasa liliniwasha kama limeingiwa na siafu. "Ndiyo" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ingemwingiza chumbani papo hapo. Mkono ukaanza kupanda kulikuna. Akaufuata kwa macho.

Nikaushusha.

"Sijui," nikasema. "Sijui, mke wangu."

Akalikagua sikio langu la kushoto.

"Tangu unioe sijakusikia ukisema hujui kitu." Vidole vikaachia chuma kimoja, kisha cha pili. "Daktari, nipe ya mshipani. Haya, nisukumeni kabla hajaongeza neno."

Milango ikajifunga nyuma yake. Nikakaa kwenye benchi na kandambili zake mapajani. Mzee mmoja aliyenisikia wodini jana akanisogelea, meno nje.

"Hebu rudia ile ya seli kufunga virago!"

Nikazikumbatia kandambili, macho kwenye mlango. Sikio halikuniwasha kabisa.